Kiti Kitupu ni Hasara ya Nani

Rasta ndogo ndogo zinazofika kiunoni hazisukwi chini ya saa tano. Kichwa kikiwa na nywele nyingi na msusi akiwa peke yake, zinafika saa nane. Muda wote huo fundi amesimama nyuma ya kiti, shingo ameiinamisha. Kidole gumba na cha shahada vinachambua nywele bandia, vinapima kwa kugusa tu, vinashika shina na kuanza kushuka, na baada ya hapo msuko unaofuata. Mwishoni ncha huchovywa kwenye maji yaliyochemka ili zisifumuke. Muulize msusi yeyote aliyekaa kazini miaka mitatu akuonyeshe alama za maji hayo. Nyingi ziko mapajani na miguuni, kwa sababu beseni huinamishwa karibu na mwili wa anayelishika.

Kazi ikiisha, mteja analipa. Pesa hazipiti mikononi mwa msusi. Zinakwenda kaunta au kwenye simu ya bosi, na dada wa kaunta anaandika kwenye daftari jina la fundi, mtindo na kiasi. Hesabu hupigwa jioni, kwingine Jumamosi.

Tuchukue mfano wa mezani. Mteja amelipa shilingi 40,000, na makubaliano ya saluni ni asilimia 40 kwa fundi. Hiyo ni 16,000. Lakini kichwa kilisukwa na wasusi wawili ili mteja awahi sherehe, kwa hiyo kila mmoja anapata 8,000. Ukitoa nauli ya daladala mbili kwenda na mbili kurudi, na sahani ya wali kwa mama ntilie, kinachobaki ndicho mshahara wa siku. Hiyo ni siku yenye mteja. Siku za mwanzo wa wiki saluni nyingi hupoa. Fundi anafika saa mbili asubuhi, anafagia, anakunja taulo, anakaa bega kwa bega na wenzake kwenye benchi hadi taa za barabarani ziwake, kisha anarudi nyumbani na nauli ya kukopa.

Mfumo huu wa asilimia ndio unaoendesha sehemu kubwa ya biashara ya urembo Afrika Mashariki, kuanzia fremu za Sinza na Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi ghorofa za River Road jijini Nairobi, ambako wengi huuita komisheni. Viwango havifanani. Kuna saluni za nusu kwa nusu na kuna za theluthi. Mwenye saluni akitoa dawa, shampuu na mafuta, fungu la fundi hupungua. Fundi akija na vifaa vyake, huongezeka. Saluni chache kubwa, hasa za hoteli na maduka makubwa, hulipa mshahara wa mwezi na kuongeza kidogo juu ya kazi iliyozidi lengo. Kwa vinyozi na mafundi wa kucha na kope, mpango ni ule ule.

Haitakuwa haki kuuhukumu mfumo huu haraka. Msusi hodari mwenye wateja wake, anayepigiwa simu kuanzia Jumatano kwa ajili ya harusi ya Jumamosi, anaweza kupata kwa asilimia pesa ambazo hakuna bosi angekubali kumwandikia kama mshahara. Wapo wanaokataa mshahara hata wakipewa. Mwenye saluni naye ana yake. Kodi ya fremu inadaiwa kwa mkupuo, mara nyingi miezi sita au mwaka. Umeme wa LUKU unaliwa na draya na pasi za nywele, kuna leseni ya biashara, kuna kodi ya mapato, na kuna ile hofu ya kila siku kwamba fundi bora ataondoka mwezi ujao na namba zote za wateja kwenye simu yake. Akilipa mshahara mwezi ambao wateja hawakuja, anafunga duka.

Tatizo ni jinsi mpango huu unavyogawa amri upande mmoja na hasara upande mwingine. Siku mteja asipokuja, hasara ya kiti kile kitupu inakwenda kwa fundi kana kwamba ni mfanyabiashara aliyewekeza. Lakini mfanyabiashara hapangiwi saa ya kufika, hakatwi pesa kwa kuchelewa nusu saa, haambiwi avae fulana yenye nembo ya duka na hakatazwi kupokea mteja kwa bei anayoitaka yeye. Msusi wa asilimia anafanyiwa yote hayo. Akiugua, ni mfanyabiashara huru. Akichelewa, anageuka kuwa mfanyakazi.

Sheria ya Tanzania ililiona jambo hili zamani, ingawa ukitamka kifungu chenyewe saluni utatazamwa kama umetoka sayari nyingine. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba anayemfanyia kazi au kumpa huduma mtu mwingine atachukuliwa kuwa mwajiriwa, bila kujali mkataba wao umeandikwaje, endapo jambo lolote kati ya yaliyotajwa litaonekana. Yako saba. Je, namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine? Saa zake zinapangwa na mwingine? Ni sehemu ya shughuli ya taasisi ile? Amemfanyia mtu huyo kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Anamtegemea kiuchumi? Anapewa vifaa vya kazi? Anamfanyia mtu huyo mmoja tu? Jibu moja la ndiyo linatosha kuanzisha dhana hiyo, na kazi ya kuivunja inabaki kwa yule mwingine.

Saa 45 kwa mwezi! Msusi wa kawaida anazimaliza kabla wiki ya kwanza haijaisha.

Akishatambuliwa kuwa mwajiriwa, mlango unafunguka kwa mambo ambayo saluni nyingi hayajawahi kuzungumzwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, nayo ya mwaka 2004, inaweka ukomo wa saa 45 za kazi za kawaida kwa wiki na malipo ya mara moja na nusu kwa saa za ziada. Inatoa siku 28 za likizo ya mwaka, na siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja. Inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi. Asipoweza kuyaonyesha wakati wa shauri, ni juu yake kuthibitisha au kukanusha sharti ambalo mfanyakazi anadai walikubaliana. Kwa hiyo ule usemi wa “sisi hatukuandikishana” unambana zaidi mwenye saluni kuliko fundi.

Maandishi mengine, kwa kweli, yapo. Daftari la kaunta liliwekwa ili fundi asiibe, na kwa kazi hiyo linaandikwa kwa uaminifu mkubwa: nani alimhudumia nani, siku gani, kwa shilingi ngapi. Ujumbe wa malipo kwenye simu unaonyesha fungu la kila wiki likitoka kwa mtu yule yule. Kundi la WhatsApp la wafanyakazi limejaa amri za bosi, tangu nani afungue Jumapili hadi nani akatwe kwa kuvunja kioo. Mbele ya msuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hizi na picha hizi za simu zina uzito. Kinachowaangusha wengi ni kalenda. Lalamiko la kuachishwa kazi linatakiwa kufikishwa Tume ndani ya siku 30, na migogoro mingine ndani ya siku 60. Aliyepitisha muda lazima kwanza aombe kusamehewa ucheleweshaji, aeleze kila siku aliyochelewa, na ombi lake linaweza kukataliwa kabla hata hajaulizwa alifukuzwa kwa nini.

Kifungu cha 61 hakimgusi kila mtu mwenye kitana. Fundi anayelipa kodi ya kiti kwa wiki, anayepanga bei zake, anayekuja saa anayotaka na kuondoka na pesa yake mwenyewe, huyo ni mpangaji. Mpango huo upo na unakua, hasa kwa mafundi wa kucha na kope. Marekani na Uingereza umekuwa wa kawaida kiasi kwamba serikali zimelazimika kuutungia masharti. Jimbo la California, kwa mfano, lilipoimarisha mwaka 2020 sheria yake ya nani ni mwajiriwa, liliwapa wasusi na vinyozi msamaha ikiwa tu wanapanga bei na ratiba zao wenyewe na wana leseni zao. Mafundi wa kucha walipewa msamaha wa muda, nao uliisha mwanzoni mwa 2025. Kinachotazamwa, huko kama huku, ni nani mwenye amri.

Kuna kundi jingine ambalo hata kwenye mazungumzo ya asilimia halionekani: wanaojifunza. Msichana anapelekwa na shangazi kwenye saluni ya rafiki, anatoa ada ya kujifunza, kisha anaosha vichwa, anafua taulo, anatumwa maji na maandazi, na anasuka nusu ya kichwa cha mteja ambaye amelipa bei kamili. Wakati mwingine analala hapo hapo au kwa bosi. Miezi sita inageuka mwaka, mwaka unageuka miwili. Mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, VETA, inafundisha ususi na urembo na pia ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, na cheti hicho humsaidia fundi kudai fungu kubwa zaidi. Lakini ni wachache wanaoweza kuacha kazi wakakae darasani.

Na kuna saluni za kiume. Katika zile za kisasa za Dar es Salaam, mwanaume akishanyolewa anaketishwa kiti cha nyuma, ambako dada anamwosha, anampaka skrabu usoni na kumkanda mabega. Jamii imezungumza sana kuhusu maadili ya huduma hii, na karibu kila mara maswali yameelekezwa kwa hao wasichana. Ni nadra kuulizwa wanalipwaje. Wengi hutegemea idadi ya vichwa na bakshishi, yaani kipato chao kinategemea kumfurahisha mteja ambaye mikono yake haitulii. Akimkemea, bakshishi imekwenda. Akimlalamikia bosi, ameambiwa amefukuza wateja. Sheria ya Ajira imetamka wazi kwamba unyanyasaji wa mfanyakazi ni aina ya ubaguzi na imeupiga marufuku. Mwaka 2019 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 190 kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, ambao unahesabu pia wateja na unawalinda hata wanafunzi wa kazi na wasio na mkataba.

Mwili nao una hesabu yake. Mishipa ya miguu inavimba kwa kusimama. Viganja vinapasuka kwa maji, shampuu na dawa, na ngozi iliyopasuka inapitisha kemikali kwa urahisi zaidi siku inayofuata. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka kazi ya ususi na unyozi katika kundi la shughuli ambazo huenda zinasababisha saratani, na sababu kubwa ni kugusana kila siku na rangi za nywele. Gesi ya fomaldehaidi, ambayo baadhi ya dawa za kunyoosha nywele huitoa zikipashwa moto, imo katika kundi la juu zaidi, la vitu vilivyothibitishwa. Mteja anaivuta mara moja kwa miezi mitatu. Fundi anaivuta mara nne kwa siku katika fremu yenye mlango mmoja na feni inayozungusha hewa ile ile.

Wazungu walijaribu kulimaliza suala hili kwa makubaliano. Aprili 2012, vyama vya wafanyakazi wa saluni vya Ulaya na shirikisho la waajiri wao walitia saini waraka wa pamoja kuhusu afya na usalama: glavu kwenye kazi za maji na dawa, hewa ya kutosha, kupokezana kazi ili mkono mmoja usichoke, na viatu visivyoteleza. Walitaka Umoja wa Ulaya uufanye sheria. Magazeti ya Uingereza yakakiokota hicho kipengele cha viatu na kuandika kwamba Brussels inataka kuwavua wasusi viatu vya visigino virefu. Kicheko kilichofuata kilikuwa na nguvu kuliko waraka wenyewe. Tume ya Ulaya iliuweka pembeni, na hata toleo jipya la mwaka 2016 halikufanywa sheria. Ni nadra sana kuona waajiri na wafanyakazi wakiomba kitu kimoja kwa sauti moja na wote wakanyimwa.

Tanzania ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanza kazi mwaka 2015, na unagharamia ajali pamoja na magonjwa yanayotokana na kazi. Anayechangia ni mwajiri peke yake. Msusi aliyeungua na maji ya moto anastahili kama fundi wa kiwandani aliyekatwa kidole, ila kwanza mtu awe amekubali kwamba yeye ni mwajiri wake.

Mfano wa watu waliolazimisha kukubaliwa huko unapatikana Paris. Ukitoka kituo cha metro cha Château d'Eau, unapokelewa na vijana wanaoita wateja kwa lugha tano na kuwavuta kuelekea kwenye saluni za Kiafrika zilizopangana kando ya boulevard de Strasbourg. Mwanzoni mwa 2014, katika namba 50 ya barabara hiyo, wafanyakazi saba ambao hawakuwa wamelipwa waligoma. Baadhi walikuwa wanawake wa Kichina wa kucha, wengine wasusi Waafrika, na kati yao hawakuwa na lugha moja wanayoijua vizuri. Chama cha wafanyakazi cha CGT kiliingia, na wakashinda.

Miezi michache baadaye namba 57 nayo ikagoma. Walikuwa 18, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, wasio na vibali vya kuishi Ufaransa. Walilipwa kwa kichwa, na wengi waliondoka na euro 200 hadi 400 kwa mwezi, wakati kima cha chini cha kisheria kwa kazi ya muda kamili kilikuwa zaidi ya euro 1,400 kabla ya makato. Saluni ilikuwa finyu na mvuke wa dawa haukuwa na pa kutokea. Waliikalia saluni yenyewe, mchana na usiku, kwa sababu walijua wakitoka tu kufuli litabadilishwa. Kampuni iliwekwa chini ya ufilisi, vitisho vikafuata, nao wakaendelea kukaa. Wasanii wa filamu walikuja kuwarekodi na kupaza sauti kwa niaba yao. Mwaka 2015 walipata vibali vya ukaazi. Mwaka 2018 mahakama ya Paris ilimtia hatiani mwendeshaji wa saluni kwa usafirishaji haramu wa binadamu, kosa ambalo kwa sheria ya Ufaransa halihitaji mtu avushwe mpaka. Kumchukua mtu asiye na mahali pa kukimbilia na kumtumikisha katika hali inayodhalilisha utu kunatosha.

Kugoma kwao kuliwezekana kwa sababu walikuwa 18 chini ya paa moja. Saluni ya kawaida ya Mbagala au Kawangware ina watu watatu, na mmoja wao ni mdogo wake bosi. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi wa saluni kilichoundwa Kenya kina kazi ngumu: lazima kipite mlango kwa mlango, na ada ya uanachama haiwezi kukatwa kwenye mshahara ambao haupo.

Afrika Kusini ilichagua njia nyingine. Huko lipo baraza la kitaifa la majadiliano la sekta ya ususi na urembo, ambamo chama cha wafanyakazi na umoja wa waajiri hukaa meza moja na kupanga viwango vya mishahara kulingana na ujuzi. Waziri wa kazi akiridhia, makubaliano yao yanaweza kuzibana hata saluni ambazo hazikuwa mezani, kwa hiyo bosi anayelipa vizuri habaki peke yake akishindana na jirani anayelipa makombo.

Ujerumani nayo iliamshwa na aibu. Mikataba ya zamani ya majimbo ya mashariki iliruhusu mtu aliyehitimu ususi kulipwa chini ya euro nne kwa saa, na habari hizo zilikuwa zikienea magazetini. Mwaka 2013 chama cha Verdi na waajiri walikubaliana kupanda kwa hatua hadi euro 8.50 nchi nzima ifikapo Agosti 2015. Waajiri walikuwa na sababu zao: saluni za bei ya kutupa zilikuwa zikiwanyang'anya wateja.

Tanzania hupanga kima cha chini kwa sekta, kupitia bodi za mishahara. Tangazo la mwaka 2022 lilikuwa na mistari ya walinzi binafsi, wafanyakazi wa nyumbani, hoteli, uvuvi, madini na shule binafsi. Saluni hazikuwa na mstari wao. Julai 2025 serikali iliziweka saluni katika orodha ya biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya, isipokuwa ndani ya hoteli au kwa ajili ya utalii. Amri hiyo ilijibu swali la nani amiliki na haikugusa namna wanaofanya kazi humo wanavyolipwa. Oktoba mwaka huo huo ikatangazwa kwamba kima cha chini cha sekta binafsi kingepanda kwa asilimia 33.4 kuanzia Januari 1, 2026. Saluni isiyo na mstari wake huangukia kwenye fungu la sekta zisizotajwa, lakini kwa fundi wa asilimia kufika hata kwenye fungu hilo kunaanza na mtu kupeleka jina lake Tume ya Usuluhishi na kuomba kifungu cha 61 kisomwe.